Unauliza au Unaniambia

Siku nilipoaga pale ofisini Buffalo mlinipa keki yenye jina langu lililoandikwa vibaya, mkaniomba niwaandikie machache yatakayowafaa katika kazi ya ukalimani. Nadhani mlitarajia mambo ya jinsi ya kuketi kati ya mgonjwa na daktari, jinsi ya kushika majina ya dawa, jinsi ya kumpunguza mwendo wakili mwenye haraka. Mengine mtayapata humu. Lakini wengi wenu mmekuwa mkisema niliacha kazi kwa sababu ya masikio, na hilo si kweli. Masikio yangu ni mazima. Niliacha kwa sababu ya neno moja, ambalo lilikuwa swali, na mimi nikalifanya habari. Mwenye neno hilo ameniruhusu kulisimulia. Bila ruhusa yake nisingethubutu, nanyi msithubutu.

Ukalimani sikuutafuta. Tulifika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi, tukapewa nyumba mtaa wa Highview, nami nikapata kazi ya kufunga maboksi katika ghala kubwa. Nilikuwa na sekondari yangu ya Uvira na Kiingereza cha kujikongoja. Wenzangu wa zamu hawakuwa hata na hicho. Siku moja msimamizi aliniita nisimame kando yake, awaeleze watu jinsi ya kukaa mbali na mkanda unaobeba maboksi. Nilitafsiri vizuri, au niliona hivyo. Mwishoni akauliza kama hawana maswali.

"Hamuna maswali?" nikawauliza.

"Ndiyo," wakajibu wote pamoja, kwa heshima.

"Yes," nikamwambia msimamizi.

Akakunja mikono akangoja maswali. Wenzangu nao wakangoja aondoke. Tulisimama hivyo, tukiangaliana kama watu wa familia mbili zilizogombana, mpaka mzee mmoja aitwaye Lazaro akaninong'oneza, "Huyu muzungu anangoja nini? Si tumemuambia ndiyo, hatuna?"

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na bado linawaangusha wengi. Kwetu, "ndiyo" hukubaliana na maneno ya anayeuliza. Kwa Kiingereza, "yes" hulitetea jambo lenyewe. Ukimwuliza mgonjwa wetu kama hana maumivu, naye akasema ndiyo, basi ni mzima. Ukiipeleka "ndiyo" hiyo kwa daktari jinsi ilivyo, mgonjwa atarudi nyumbani na vidonge asivyovihitaji.

Aliyenifundisha kazi kweli ni Bi Anastazia, Mrundi aliyekulia Kigoma. Alitukusanya wakalimani wapya katika chumba kilicho nyuma ya duka la kadi za simu, mle Highview, kilichonuka sambusa muda wote. Kiswahili chake kilinyooka kama shati lililotoka kwenye pasi, na chetu cha Kivu kilimwumiza tumbo.

"Ninyi Wakongo hamuulizi kwa mdomo," alisema. "Mnauliza kwa nyusi."

"Tunaulizaga na sauti, mama," nikamjibu.

"Haya. Nipe kisogo, uniulize kama nimekula."

Nikageukia ukuta. "Umekula."

"Sijasikia swali. Nimesikia mtu anayenisingizia kula."

Darasa lilicheka, nami nikacheka, ingawa shingo yangu ilikuwa na joto. Kisha akatueleza jambo ambalo katika maisha yangu yote nilikuwa nikilitenda bila kulijua. Mwingereza akitaka kuuliza husogeza maneno. "He is asleep" ni habari. Ukilitanguliza lile neno la pili mbele ya la kwanza, inakuwa swali, hata ukilisoma kwenye karatasi, hata likisemwa na mtu aliyekauka koo. Sisi hatusogezi kitu. "Amelala" ya kuuliza na "amelala" ya kuarifu ni neno lile lile. Kinachozitenganisha ni mkia tu, sauti inayoinuka kidogo pale mwishoni. Ndiyo maana yeye alitaka tutangulize "je." Kwetu "je" lilikuwa neno la Biblia na redio. Nani anamwambia mkewe "je, umepika"?

"Basi msitumie," alisema. "Lakini wengi wenu mtafanya kazi kwa simu, na simu haina nyusi. Mkiukosa mkia, msibuni. Mwulizeni mtu mwenyewe: unauliza au unaniambia?"

Alitulazimisha kuyarudia maneno hayo kwa sauti kama watoto wa shule ya msingi. Unauliza au unaniambia. Tulimwona kama anatania.

Alikuwa na haki ya kutusumbua. Juma hilo hilo nilimsaidia mzee Mtanzania aliyeanguka nyumbani. Muuguzi alitaka kujua kwa nini alianguka. Nikauliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Ulianguka juu ya nini?" maana kwetu "juu ya nini" ndiyo "kwa nini."

"Juu ya zulia, mwanangu," akajibu.

Likaandikwa zulia. Mtu akatumwa nyumbani kwake kulikagua zulia, akalikuta halina kosa lolote. Mzee alikuwa akitiwa kizunguzungu na dawa zake za presha. Bi Anastazia aliposikia alisema zulia lile linastahili kuombwa msamaha.

Kisha tukahamia Ohio, Westerville, mke wangu awe karibu na dada yake aliyekuwa akifanya kazi ya kuhudumia wazee kule Columbus. Huko nikaanza kufanya ukalimani kwa simu tu. Nilifanyia kazi katika chumba kidogo cha kuwekea nguo, kwa sababu makoti yaliyotundikwa humeza mwangwi. Niliketi hapo mchana kutwa, hedifoni kichwani, mikono mitupu ya makoti ikinigusa mabega kila nilipojigeuza. Benki, shule, hospitali, mahakama. Sauti huingia, unaibeba, inatoka.

Ubaya wa simu ni kwamba haina mwisho. Mwanamke anakueleza, kupitia kinywa chako mwenyewe, kwamba mtoto wake anatapika damu; kisha laini inakatika na kengele inalia tena, ni mtu anayetaka kujua kwa nini bili yake ya umeme imepanda. Humjui yule mtoto alikoishia. Nimebeba mianzo mingi sana ya watu.

Simu ninayotaka kuieleza iliingia mchana, theluji ikianguka. Ilikuwa ya dharura. Mpokeaji aliuliza kuna nini, nikatafsiri, na sauti ya mwanamke ikajibu kwa kunong'ona.

"Bwana yangu haamuke."

Mpokeaji akauliza kama anapumua.

"Anapumua?" nikamwuliza mama.

Nikasikia kitambaa kikisuguana, kama mtu anayeinama karibu. Kisha, kwa mnong'ono ule ule:

"Amelala."

Sasa, wenzangu, jaribuni wenyewe. Nong'oneza "amelala" kama habari, kisha uinong'oneze kama swali. Hutasikia tofauti. Mnong'ono hauna sauti ya kuinua. Mkia wake umekatwa. Lakini kulikuwa na kitu kingine, nami nilikisikia, na hilo ndilo kosa langu lote. Mtu anayetoa habari akimaliza huvuta pumzi. Yule mama hakupumua. Alingoja. Alimngojea mtu fulani, labda mimi, labda yeyote aliye upande wa pili wa waya, amwambie.

Nikamwambia mpokeaji, "He is asleep."

Sauti ya mpokeaji ikashuka, ikapoa. Akauliza anwani, akauliza kama mama angependa mtu aje kumwangalia.

"Wakuje," akanong'ona. Laini ikakatika. Kengele ikalia tena.

Maneno ya Bi Anastazia yalikuwa mdomoni mwangu. Sikuyasema. Ningeweza kusema dharura haina nafasi ya mazungumzo kati ya mkalimani na mpiga simu, lakini hiyo si sababu. Nilisifiwa kwa wepesi. Niliona kumwuliza mtu "unauliza au unaniambia" ni kazi ya mwanafunzi, na mimi sikuwa mwanafunzi tena.

Siku chache baadaye nikaisikia tena sauti ile. Mnajua ule upenyo mdogo, mteja akishakata na kabla mtambo haujafunga laini. Hapo huwa kuna ukimya wenye upana, kama wa ukumbi mtupu. Nilikuwa nimemaliza simu ya mtu wa bima, na ndani ya ukimya ule mnong'ono ukasema, "Amelala." Kisha ukangoja.

Nilidhani laini zimegongana. Ikaja tena kesho yake, baada ya simu ya shule. Fundi wa kampuni alipima kila kitu akasema laini ni safi. Akanitumia hedifoni mpya. Mnong'ono ukaja katika hedifoni mpya, safi zaidi kuliko mwanzo, kiasi kwamba nilisikia ulimi ukiachana na meno. Haukunitisha kwa ukali. Haukuwa na ukali wowote. Ulichokuwa nacho ni subira.

Mchana mmoja mke wangu alifungua mlango wa kile chumba.

"Baba Furaha, unasema na nani?"

"Na mutu wa simu."

"Simu gani? Ile kitu haina hata taa."

Nikaitazama. Kweli, nilikuwa nimeizima mwenyewe kabla ya kula. Hedifoni ilikuwa shingoni, na mimi nilikuwa nikirudia, "Nani? Nani?" nikiyaelekea makoti.

Tangu hapo nikaanza kuweka "je" mbele ya kila kitu. Je, kuna chumvi? Je, mvua imekatika? Mke wangu alisema ameolewa upya, na redio. Alikuwa akicheka, lakini usiku huo aliyaondoa makoti yote mle chumbani, akayapanga chini ya kitanda chetu.

Binti yetu Furaha alipopata mtoto wa pili tulimfuata Buffalo, West Side, katika nyumba ya mbao ambayo hulalamika ukikanyaga ngazi. Nikafurahi, maana kule nilipata kazi ya ana kwa ana. Niliamini kwamba palipo na nyusi, mnong'ono hautakuwa na pa kuingilia. Na kwa muda ulinyamaza.

Kisha nikapangiwa mgonjwa wa presha kwenye kliniki. Nikaingia, nikasema maneno yetu ya kawaida, kwamba mimi ni mkalimani, kwamba yote yatakayosemwa ni siri. Alikuwa mama wa makamo, kitenge cha rangi ya kijani, koti kubwa la msaada. Nilipoanza kusema aligeuka akautazama mdomo wangu, na hakuuacha. Kila alichoulizwa alijibu kwa kunong'ona. Muuguzi akataka kujua kama anaumwa koo.

"Hapana," akanong'ona. "Ni kuzoea. Bwana yangu alikuwa anatumika usiku kwa ghala. Muchana tulikuwa tunanong'ona, ili apate usingizi. Ikabakia hivyo."

Nililitafsiri hilo kwa Kiingereza, neno kwa neno, sauti yangu ikisikika kama inatoka chumba cha pili.

Alinisubiri kwenye kituo cha basi.

"Papa," alisema, "ni weye ulisema amelala."

Hapakuwa na mkia. Sikumwuliza kama anauliza.

Anaitwa Mama Espoir. Alinisimulia tumesimama pale kwenye baridi, nami kwa mara ya kwanza nikapata mwisho wa simu. Mumewe alirudi asubuhi, akalala, na mkewe alipokwenda kumwamsha ale, hakuamka. Gari la wagonjwa lilikuja bila king'ora, polepole, likasimama vizuri kando ya barabara kama lililoleta kifurushi. Walimkuta amekufa. Daktari alisema pengine alikufa kabla ya simu, pengine baada yake; hakuna aliyeweza kumwambia.

Shemeji yake alitafuta ile sauti iliyorekodiwa, akaiweka kwenye kikao cha familia. Wenye Kiswahili walimsikia mwenyewe akinong'ona: amelala. Waliokulia hapa walisikia sauti ya mwanaume, sauti yangu, iliyotulia: he is asleep. Hakuna aliyelitamka lile neno baya ambalo watu wetu humpa mwanamke anayemwacha mumewe afe na kukiita kifo usingizi. Waliacha tu kula chakula chake. Kwenye misiba, sufuria yake ya sombe, yale majani ya muhogo, ilirudi nyumbani imejaa. Mwanawe Espoir alikwenda kuishi na baba yake mdogo Louisville. Akimpigia, Espoir humjibu kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye aliyewaambia amelala, kisha hukata.

"Sasa anataka kuoa," alisema. "Kwa meza ya familia, pahali pa miye patakaa shangazi yake. Umuambie, papa. Uliisikia. Ni weye peke yako uliisikia."

"Kazi inakataza, mama. Ni siri."

"Siri ya nani?"

"Ya aliyepiga simu."

"Bon, sawa. Ni miye nilipiga."

Basi lake likafika. Nikasema tena kwamba kazi inakataza. Alinitazama kidogo, akapanda, na mlango ukafungwa.

Nilijificha nyuma ya kanuni hiyo majira yote ya baridi. Nikisema ukweli, sikuwa nikiilinda siri ya mtu. Nililinda kiti changu na jina langu la mkalimani asiyekosea. Na mnong'ono ukarudi. Safari hii haukuhitaji hedifoni. Ulikuja nikifunga kamba za viatu. Ulikuja kanisani, katikati ya ukimya wa maombi, mchungaji akiwa amefumba macho: amelala. Kisha ile subira. Nilifumbua macho kuona kama kuna mwingine aliyegeuka. Mjukuu wangu mdogo, aliyekuwa magotini pangu, alikuwa ameinua kichwa, akiangalia pale pale nilipokuwa nikiangalia mimi.

Wiki hiyo nilirudisha kitambulisho cha kazi. Mkaja na keki.

Nyumba ya Mama Espoir iko mitaa michache kutoka kwetu. Tulikaa jikoni mchana, simu mezani, sauti imefunguliwa. Espoir aliitika kwa Kiingereza. Nikamwambia kwa Kiingereza mimi ni nani na nilifanya nini, kisha nikageuka nikamtafsiria mama yake maneno yangu mwenyewe. Nimetafsiri hukumu za mahakama na habari za saratani; sijawahi kutafsiri kitu kigumu kuliko hicho. Nilimwambia kijana kwamba mama yake hakutoa habari. Aliuliza. Nilisikia akingoja, nikapita.

"Naweza kusikia mwenyewe anachosema," Espoir alijibu kwa Kiingereza. "Ninayo hapa."

Na kabla sijamzuia akaiwasha. Kutoka kwenye simu ile juu ya meza ukatoka mnong'ono nilioishi nao miaka yote hiyo, theluji ile, kitambaa kile kikisuguana, ulimi ule ukiachana na meno. Nikamtazama Mama Espoir. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja nao.

"Nasemaga hivyo kila siku," alininong'oneza. "Muchana. Watu wakitoka, nakaa pa kitanda, nauliza."

Sikumwuliza ni tangu lini. Nilijua.

"Iweke tena," nikamwambia Espoir. "Lakini izime kabla sauti yangu haijaingia. Usilisikilize neno. Sikiliza kinachofuata."

Akaiweka. Amelala, ulisema mnong'ono. Kisha ukimya wenye upana, na ndani yake mtu asiyepumua. Espoir aliizima hapo hapo. Ukimya haukuisha. Ulibaki nasi jikoni, umefunguliwa, jinsi ulivyokuwa umefunguliwa siku ile, na mama alikuwa amekaa mbele yangu, mkono mdomoni, akingoja.

Nikasema nilichopaswa kusema.

"Mama, unauliza ao unaniambia?"

"Ninauliza."

Nikainamia simu nikafanya kazi yangu. "Anauliza," nikamwambia mwanawe kwa Kiingereza, na nikayasogeza maneno mahali pake. "Is he asleep?"

Nikadhani atakata kama kawaida yake. Kisha Espoir, ambaye tangu awe mtu mzima hakuwahi kumjibu mama yake kwa Kiswahili, akajibu.

"Hapana, mama. Hakulala."

Na Mama Espoir akapumua.